Ziba maneno kwa kiganja kwanza, ndo ununue kitabu cha mtoto

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wasomaji wote. Naandika kumjibu yule mzazi ambaye barua yake mliitoa wiki iliyopita, aliyeuliza anunue kitabu gani ili mwanawe wa miaka 3 ajue kusoma kabla hajaanza shule. Ile barua nimeikata nimeibandika ukutani kituoni, maana kila mwezi wa kwanza ananijia mzazi na swali hilo hilo neno kwa neno. Mi ni mwalimu wa chekechea hapa Ngamiani, Tanga, huu mwaka wangu wa 11, watoto wangu wanaanzia miaka 2 mpaka 5 na kwa siku nakaa nao 20 na kitu kwenye mikeka miwili.

Mzazi mwenzangu, mtoto wa miaka 3 hatafutiwi kitabu cha kumfundisha kusoma. Anatafutiwa kitabu cha kupiga naye stori. Kusoma kutakuja tu, darasa la awali lipo, la kwanza lipo, walimu wapo, lakini neno ambalo mtoto hana mdomoni utamfundishaje kulisoma? Akikutana na "kinu" kwenye karatasi na hajawahi kukisikia wala kukiona, atasema ki-nu, ki-nu, basi, halafu anakuangalia usoni kujua kama amepatia. Kazi ya kitabu cha picha kwa huyu mdogo ni kumjaza maneno, na maneno hayamwingii kwa kusomewa akiwa amenyamaza, yanamwingia akiwa anajibu, anabisha, anauliza na huyu ni nani na huyu mbona analia.

Sasa nenda stesheneri yoyote ya mtaani uulize kitabu cha mtoto mdogo. Utaletewa chati ya plastiki au kitabu cha herufi, na vingi ukiviangalia vizuri utasikitika. Mwaka juzi mama mmoja alituletea kimoja kama zawadi, nikashukuru kwa moyo wote, nikakaa na watoto nikafungua. A, picha ya tunda jekundu, chini imeandikwa Tufaa. B, Mpira. C, Paka. D, Mbwa. Yaani mtu kachukua kitabu cha Kiingereza kafuta maneno ya chini kaweka ya Kiswahili, herufi kaziacha vile vile! Kufika kwenye I kuna nyumba ya barafu, na watoto wangu barafu wanayoijua ni ile ya ukwaju ya kwenye kimfuko, wakaanza kuulizana nyumba nzima ya ukwaju inaliwaje. Hilo halikuwa baya, angalau waliongea. Lakini kuna binti mmoja wa miaka 5, ana masikio huyo, akaniuliza, "Mwalimu, kwani mpira si unaanza na mmm?" Nikamwambia ndiyo mwanangu, umepatia, kitabu ndo kimekosea. Akashangaa sana kwamba kitabu nacho kinakosea. Hao wanaochapa vitu kama hivi waelewe kwamba mtoto aliyekuwa ameanza kusikia sauti za herufi anarudishwa nyuma na kitu alichonunuliwa kwa upendo.

Kwa hiyo mi ninapokwenda dukani nina kipimo kimoja ambacho nimewafundisha wazazi wengi na nakitoa hapa bure. Fungua kitabu katikati, ziba maneno yote kwa kiganja, angalia picha peke yake. Jiulize, je naweza kumsimulia mtoto kitu hapa? Kuna mtu anafanya jambo? Kuna kitu kitatokea ukurasa unaofuata? Kama picha ni mtoto amesimama tu anatabasamu na ukuta nyuma yake, ukurasa wa pili mtoto yule yule amesimama tena na ukuta, weka chini. Kama picha inakuvuta ufunue, nunua. Maneno unaweza kuyarekebisha mwenyewe ukisoma, unayafupisha, unayageuza, hakuna polisi. Picha mbovu huna la kuifanya.

Tuna kitabu kimoja kidogo pale kituoni, kurasa 16, mama anatwanga mahindi na mwanawe anataka kumsaidia. Maneno yanawasema hao wawili tu. Lakini kwenye kila picha, pembeni kabisa, kuna kuku anasogea. Mwanzo yuko mlangoni, halafu yuko nyuma ya ungo, halafu kichwa kimezama ndani ya ungo, na hakuna popote palipoandikwa kuku. Mi nilikisoma kile kitabu wiki nzima sijamwona. Aliyemwona ni kijana mmoja wa miaka 3 na miezi ambaye tangu aletwe, miezi miwili mizima, alikuwa hasemi zaidi ya "maji" na "kojo", mpaka mama yake alikuwa anazungushwa kwa waganga na mahospitali. Siku hiyo akanyanyuka mkekani, akaja mpaka mbele, akaweka kidole kwenye karatasi akasema, "Mwalimu, kuku anaiba." Maneno matatu hayo. Nikaishiwa nguvu, nikajikaza nikamuuliza anaiba nini? "Mahindi." Ya nani? "Ya mama." Sasa mama akimwona itakuwaje? Akapiga makofi, "Shiii!", vile vile watu wanavyofukuza kuku uani, na mkeka mzima ukapiga shiii. Kuanzia hapo kila tukifungua kitabu yeye ndo mwenye kuku, na kama siku hiyo hajaja wenzake wananiambia tumsubiri. Simaanishi kitabu ni dawa ya mtoto asiyeongea, mama yake aliendelea kumpeleka hospitali na nilimhimiza aendelee. Nasema mchoraji aliweka kitu pale kwa ajili ya jicho la mtoto, na jicho la mtoto likakiona.

Hili la kuuliza badala ya kusoma mbio mbio hadi mwisho sio langu peke yangu. Huko Marekani mtafiti Grover Whitehurst na wenzake, mwaka 1988, walichukua wazazi wenye watoto wa miezi 21 hadi 35, wengine wakaachwa wasome kama walivyozoea, wengine wakafundishwa kusoma kwa kuuliza maswali yasiyojibika kwa ndiyo na hapana, na mtoto akisema neno moja mzazi analirefusha kidogo, mtoto akisema "mbwa" mzazi anasema "eeh, mbwa mkubwa amelala". Ilikuwa mwezi mmoja tu, na hawa wa pili wakawa mbele ya wenzao kwa kuongea. Nilipolisikia jambo hili kwenye semina moja nilicheka kwa furaha maana nilimkumbuka bibi yangu. Si ndo ngano zetu hizi? Bibi akisema paukwa, unajibu pakawa, usipojibu haendelei. Katikati ya hadithi kuna wimbo na wimbo unauitikia wewe. Hakuna mtoto wa pwani aliyesimuliwa ngano akakaa kimya kama gogo. Na ndo maana vitabu vyenye maneno yanayojirudia rudia kila baada ya kurasa mbili vinapendwa mno na wadogo, wanajua zamu yao inakuja, utawaona wanavuta pumzi kabla hujafunua.

Urefu nao uangaliwe. Kwa wa miaka 2 sentensi moja kwa ukurasa inatosha sana, wa miaka 4 na 5 anavumilia tatu nne. Nimeona vitabu vinaandikwa "chekechea" kwenye jalada, ndani kuna aya nzima za maandishi madogo na picha moja kila baada ya kurasa tano. Hicho ni cha darasa la tatu, jalada limedanganya.

Halafu mwili wa kitabu, hapa naomba nisikilizwe sana. Mtoto wa mwaka na nusu kitabu anakisoma kwa mdomo, anakitafuna, anakivuta, anakikalia, na hayo ndo malezi yenyewe, anakijua hivyo. Wa umri huo anatakiwa kurasa za kadi ngumu, pembe zimekatwa mviringo. Lakini vingi vya kwetu ni karatasi nyepesi na pini mbili za chuma katikati. Siku moja nilimwona mtoto anatafuna kitu, nikamwingiza kidole mdomoni, nikatoa pini. Pini ya kitabu nilichomnunulia mimi. Sikulala usiku ule. Tangu siku hiyo kila kitabu kipya nikifika nacho nyumbani nang'oa pini zote, nakishona kwa sindano ya magunia na uzi mnene, mishono mitatu, fundo nalificha kwa nje, halafu jalada nalizungushia selotepu pana. Inachukua dakika 10 na kitabu kinadumu mwaka. Fanyeni hivyo wazazi, ni rahisi mno.

Kuna kitu kingine kinaniumiza kwenye vitabu vyetu, nacho ni mahubiri ya ukurasa wa mwisho. Hadithi nzuri, sungura anakimbia, watoto wamekodoa macho, unafunua ukurasa wa mwisho unakuta "Watoto, tumejifunza kwamba tuwe watiifu kwa wazazi." Pale pale watoto wanaanza kujikuna. Mi nauruka huo ukurasa. Mtoto wa miaka 4 akishaona kwenye picha kwamba sungura ametumbukia shimoni ameelewa, tena atakwambia mwenyewe "hakusikia". Mwacheni aseme yeye. Na wazazi wengine wanaogopa vitabu vyenye zimwi au fisi, wanasema mtoto ataota. Wengine wataogopa kweli, na akilia unafunga kitabu unambeba, hakuna ubishi. Lakini wengi wanataka kuogopa wakiwa mapajani mwako, wanakwambia "rudia pale pa fisi", wakijua kabisa mkono wako upo. Mtazame mtoto wako, sio wa jirani.

Lugha. Nitasema hili nikijua nitawaudhi baadhi ya wazazi wangu. Msimnunulie mtoto wa miaka 3 kitabu cha Kiingereza halafu mkamsomea Kiingereza ambacho nyinyi wenyewe mnakitafuta kwa tochi. Utasoma maneno yaliyoandikwa, ukiisha umeisha, huwezi kumtania, huwezi kumuuliza, huwezi kumjibu akikuuliza, na stori imekufa. Msomee kwa lugha unayoota nayo. Kama ni Kisambaa, Kidigo, Kizigua, hewala. Na kama kitabu cha Kiingereza umeshapewa kina picha nzuri, usikitupe, simulia picha kwa Kiswahili chako. Wala sisemi kila picha iwe na mnazi na kanga. Ni kweli watoto wangu wakiona mkeka, beseni, mwanamke amejifunga kanga, wanapiga kelele "kama kwetu!", na kila mtoto anastahili kuona kwao kwenye kitabu, tena asione kwao kama mahali pa tembo na twiga tu, aone na bajaji na bomba la maji na mama anayekaanga mihogo. Ila theluji nayo waione, bahari ya watu wengine waione, dunia ni yao yote. Sharti liwe moja tu, hadithi iwe nzuri.

Mzazi mwingine atasema, mwalimu, simu ina katuni, ya nini gharama. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo wa watoto wa chini ya miaka 5, kwamba mtoto wa mwaka 1 kushuka chini asikalishwe mbele ya skrini kabisa, wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku na ikiwa pungufu ni bora zaidi, na muda anaokaa asomewe na kusimuliwa hadithi na mlezi. Katuni haimsubiri mtoto aonyeshe kuku. Serikali yetu nayo Desemba 2021 ilizindua ile Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, kwa kifupi PJT-MMMAM, ya watoto wa miaka 0 hadi 8, na humo kuna maneno mazuri sana, "malezi yenye mwitikio". Wengi tumeyakariri kwenye semina. Mtoto ananyooshea kidole picha, wewe unageuka unajibu, huo ndo mwitikio, wala hauhitaji semina.

Simu hiyo hiyo lakini inaweza kusaidia. Kuna tovuti ya African Storybook, inaendeshwa na shirika la Saide la Afrika Kusini, ina hadithi za picha nyingi kwa lugha za Afrika, Kiswahili kimo, bure, unaruhusiwa kupakua na kuchapa. Mi huwa nachagua moja kwa kile kipimo cha kiganja, nakwenda fotokopi, nachapa nyeusi na nyeupe, tunakaa tunapaka rangi na watoto, halafu nashona. Kitabu ambacho mtoto amekipaka rangi mwenyewe hakichani. Wa Dar wana bahati, wakapite duka la vitabu la TPH (Tanzania Publishing House) pale mtaa wa Samora, na wazazi wote waulizie vile vitabu vilivyotoka kupitia Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulianza 1991 na umesaidia hadithi nyingi za Kiswahili kupata picha. Hapa Tanga maktaba ya mkoa tunayo, lile jengo la tangu enzi za Mwingereza, mpelekeni mtoto Jumamosi ashike vitabu vitatu vinne achague yeye. Akichagua ambacho wewe hukipendi, msomee hicho hicho.

Wachapishaji nao nawaomba, kwa heshima, tuandikieni umri wa kweli kwenye jalada. Shoneni, msipige pini. Na jina la mchoraji liwe kubwa sawa na la mwandishi, maana kwa msomaji asiyejua herufi bado, mchoraji ndo mwandishi. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu imeingiza hadithi za watoto na tumefurahi sana, basi na wachoraji wakumbukwe wapewe kipengele chao.

Na kwako Mhariri nina ombi langu. Kila Jumamosi mtupe nusu ukurasa, picha nne tu zinazofuatana na maneno machache, au bila maneno kabisa. Gazeti linafika mpaka kule ambako duka la vitabu halijawahi kufika, kwenye banda la kahawa, kwa muuza maandazi. Mzazi atakata, atabandika kwenye boksi la sabuni, mtoto amepata kitabu.

Hilo la bila maneno nimejifunza kwa bibi mmoja anayekuja kumfuata mjukuu wake saa 6 mchana. Ni mtu mzima, miguu inamsumbua, huwa anakaa kwenye benchi pale mlangoni anapumzika kwanza. Mwezi wa tatu mjukuu akamkimbilia na kitabu, akamwambia bibi nisomee. Bibi akakisukuma taratibu, akasema, mi sijui kusoma mume wangu, kampe mwalimu. Mtoto akakifungua mwenyewe, akakiweka juu ya magoti ya bibi, akamwambia, "We angalia tu." Bibi akaangalia. Kulikuwa na picha ya mvuvi anavuta wavu. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Haa, huyu kapata taa huyu, tazama mkia wake." Taa yule samaki bapa mwenye mkia mrefu, na mi nimesoma kile kitabu sijui mara ngapi, kimeandikwa "samaki" tu. Bibi akaanza, akataja ngalawa, tanga, chambo, kusi linavyovuma, babu yake mtoto alivyokuwa akiondoka alfajiri, na kila akifunua ukurasa anamuuliza mjukuu unadhani atarudi huyu? Watoto waliokuwa wamebaki wakasogea mmoja mmoja wakakaa chini miguuni kwake. Walikaa mpaka karibu saa 7 na mi nikaacha kufagia.

Kesho yake akaniuliza kama anaweza kukiazima mpaka Jumatatu. Kilirudi Alhamisi, kimefungwa kwenye kipande cha kanga, na akaomba kingine.

Mwalimu wa chekechea,
Ngamiani, Tanga